Shali Iliyorudi Sandukuni

Mimi ni mwalimu wa biolojia, na nimechoka. Naanza na hilo ili msomaji asije akadhani nitamchangamsha. Nimesomesha hapa Likasi, mji wa migodi wa Kongo, tangu nikiwa na meno yote kinywani, na kila mwaka, mvua zinapoanza kupiga bati za darasa mpaka sauti inanikauka, tunafikia somo la oksijeni ndani ya seli. Huwaambia wanafunzi kwamba hewa wanayoivuta ndiyo inayowaweka hai, na ndiyo hiyo hiyo inayowachakaza. Seli inapochoma chakula ipate nguvu, sehemu ndogo ya oksijeni hutoka ikiwa imepungukiwa, haina utulivu, na kitu cha kwanza inachokigusa hukinyang'anya. Vitabu vyetu vya Kifaransa vinaiita radicaux libres. Mimi huiita oksijeni yenye hasira, kwa kuwa hasira ni kitu ninachokifahamu. Si adui wakati wote. Chembe nyeupe za damu huitumia kuunguza vijidudu, na kwa kiasi kidogo seli huitumia kupelekeana habari. Ikizidi ndipo inapotafuna seli ileile iliyoizaa, na ndiyo maana kila seli ina walinzi wake. Nikifika hapo huuliza: walinzi wakikosekana je? Hakosi mtu mmoja wa nyuma kujibu, "Kutu, Madame," na darasa zima hucheka, maana bati za kwetu huzeeka mapema kwa moshi wa viwanda na hakuna asiyejua kutu.

Somo hilo nilikuwa nalijua neno kwa neno siku nilipomfunga mjukuu wangu shali ambayo nusura imuue. Wala si yeye tu aliyekuwa hatarini. Mtoto yule angekufa, shangazi yangu mzee, dada yake marehemu baba, angebebeshwa kifo hicho, na kingekuwa cha pili kuwekwa mgongoni mwake. Cha kwanza nilisaidia kumbebesha mimi.

Kwetu mtoto mchanga hatolewi nje mpaka kitovu kianguke. Siku hiyo mwanamke mmoja wa ukoo humbeba, huvuka naye kizingiti, humwonyesha jua na majirani, halafu watu hula. Sijui desturi hiyo ilitoka wapi. Familia yetu ni mchanganyiko wa Waluba, Wabemba na Wasanga, na kila upande unadai ni yake. La lazima ni kwamba mtoto afungwe kitu kilichowahi kuwafunga waliomtangulia. Kwetu ni shali ya sufu nyeupe, ambayo mama alipewa na masista wa hospitali ya uzazi nilipozaliwa mimi, enzi zile mke wa mfanyakazi wa mgodi alipokuwa akirudi nyumbani na furushi la sabuni, kofia na shali. Sufu ni chakula cha nondo na mende. Kwa hiyo tangu nilipopata akili niliiona shali hiyo katika sanduku la bati, pamoja na vitenge vya sikukuu na suti ya baba, katikati ya vidonge vyeupe vya naftalini. Aliyekulia Likasi atanielewa: kwetu harufu ya naftalini ni harufu ya heshima. Siku ya Pasaka ndiyo inayokupokea kanisani kabla ya ubani. Nguo isiyonuka naftalini ni nguo ya kwenda nayo kisimani.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja mama alipozaa mtoto wa kiume. Kabla yake tulikuwa wasichana watatu, na baba alikuwa ameanza kula bila kuzungumza. Shangazi aliishi nasi. Ndoa yake ilimrudisha kwa sababu hakuzaa, naye akaifanya nyumba yetu kuwa kazi yake: alituchana nywele, alisonga bukari, ugali wetu, alipiga pasi, alikunja nguo. Nilimpenda kuliko nilivyompenda mama, na sioni haya kuandika hivyo, kwa sababu mama mwenyewe alinituma kwake kwa kila kitu. Kitovu kilipoanguka, yeye ndiye aliyepewa heshima ya kumtoa mtoto nje. Siku ya tatu baada ya hapo mtoto aligeuka manjano, kwanza macho, halafu uso, halafu tumbo. Nepi zake zilitoka na rangi ya chai isiyo na maziwa. Juma halikuisha, akafa.

Wanawake walikaa kwenye mikeka wakaanza kutafuta, maana kwetu kifo cha mtoto hakikosi mwenyewe. Mmoja wao aliniita, akaniuliza kwa upole kabisa ni nani aliyembeba mtoto siku ile ya kutoka. Nilijibu, "Tantine," jina tulilomwita shangazi. Ulikuwa ukweli mtupu, na mimi nilikuwa mtoto aliyefunzwa kusema ukweli. Akaniuliza kama alimnong'oneza kitu. Nikasema ndiyo, maana alikuwa akimwimbia. Basi, yakaisha. Mwanamke tasa, mtoto wa kiume, mdomo sikioni: walikuwa na kila walichohitaji. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nasi tukaenda kukitafuta kwa shangazi. Baba alimbebea mkoba mpaka barabarani bila kumtazama, naye akaenda Kapolowe kwa ndugu wa nyanya yetu.

Shali ilifuliwa, ikaanikwa, ikarudi sandukuni. Mwaka wa pili mama alizaa msichana mwingine, akafungwa shali ileile, akanenepa. Kwa mtaa mzima huo ulikuwa ushahidi wa mwisho: mchawi ameondoka, mtoto amekua.

Nilipokuwa mkubwa nilikwenda Lubumbashi kusomea ualimu, nikarudi na diploma na kiburi. Habari za uchawi nilizikataa mbele ya watu, nikagombana hata na padri mmoja aliyenisihi ninyamaze. Lakini Kapolowe nilikwenda kwa nadra, na sabuni na chumvi mkononi, nikakaa ukingoni mwa kiti. Shangazi aliniuliza habari za shule. Mimi nilimuuliza habari za mihogo. Juu ya mtoto yule hatukuwahi kusema neno, na kila nilipoaga nilijisikia mwoga, nikaapa kwamba safari ijayo nitasema. Safari ijayo nilipeleka sabuni nyingine.

Halafu binti yangu akazaa. Mumewe ni dereva wa malori ya madini, mtu wa Kambove, na wakati huo alikuwa amekwama mpakani Kasumbalesa na foleni yake isiyokwisha. Kwa hiyo binti alikuja kwangu na mtoto wake wa kiume, mjukuu wangu wa kwanza. Nyumbani kwangu yupo pia mama, ambaye miguu yake imekwisha lakini ulimi bado una afya njema. Kitovu kilipokaribia kuanguka niliamua jambo. Nilimtumia shangazi habari kwamba aje, na kwamba yeye ndiye atakayemtoa mtoto nje. Nilitaka kurekebisha. Nilijiambia ni kwa ajili yake, lakini kwa kweli nilikuwa nimechoka kubeba lile neno moja, "Tantine", tangu utotoni.

Mama aliposikia alisema, "Ule muntu akiingia mu hii nyumba, minye natoka."

"Mutaenda wapi, mama, na ile magoti?" nikamwuliza.

Hakutoka. Alijifungia chumbani na rozari yake, akaisali kwa sauti kubwa ili kila mtu uani amsikie.

Shangazi alifika na unga na samaki wakavu wa ziwa la Tshangalele waliofungwa kwenye kitambaa. Alikuwa amepungua sana. Nilipomwambia kazi niliyomwitia, alikataa mara mbili. "Mwana, achana na hii maneno," alisema. "Bantu habasahau." Nikamjibu kwamba mimi ndiye mwenye nyumba, na katika nyumba yangu ninayetaka ambebe mtoto ndiye atakayembeba. Nina kichwa kigumu. Wanafunzi wangu watashuhudia. Nikalifungua sanduku, nikaitoa shali. Binti yangu alipopata mimba nilikuwa nimeongeza naftalini mpya, kiganja kizima, nikazipachika katika kila kunjo, maana mende wa mwaka ule walikuwa wamevuka mipaka. Harufu ilitupiga sote. Binti alikunja uso akasema, "Maman, hii harufu inaniuma kichwa." Nikamwambia, "Ni harufu ya usafi. Weye pia ulifungwaka nayo, na kichwa yako iko hapo." Shangazi akambeba mtoto, akamwimbia kama zamani, jua likamgusa, watu wakala. Kesho yake asubuhi akarudi Kapolowe, na mimi nikalala mchana huo usingizi mzuri kuliko yote niliyolala mwaka ule.

Siku ya tatu mtoto akawa wa manjano.

Sikuogopa. Watoto wengi wachanga hupata manjano kidogo, na mimi ninajua kwa nini: ini bado halijazoea kazi. Nilimwambia binti yangu asinipigie kelele, dawa ni jua la asubuhi. Nikafanya wanavyofanya akina mama wote wa mtaa wetu. Nikamweka mlangoni kwenye jua, na kwa kuwa asubuhi zilikuwa na upepo, nikamfunga shali vizuri mpaka kidevuni. Siku ya kwanza hivyo. Siku ya pili hivyo. Jua lilipopata nguvu, sufu ilipata joto, na ile harufu ikapanda mpaka mimi mwenyewe niliyekaa pembeni nikisahihisha madaftari nikapiga chafya. Nilihamisha kiti changu. Mtoto sikumhamisha.

Siku iliyofuata alikataa ziwa. Binti yangu alinyosha mkono akanionyesha nepi, na mimi niliitambua ile rangi kabla sijaishika. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda chake karibu na mlango wa jikoni, na yeye pia aliiona.

"Njo yeye tena," alisema, yaani ndiye shangazi yuleyule. "Minye nilisema. Mulicheka minye."

Sasa nitaandika jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilimwamini. Njia nzima ya kwenda hospitali, mtoto akiwa amelegea mikononi mwa binti yangu, mimi mwalimu, mwenye diploma, mwenye miaka yote hiyo ya chaki mapafuni, niliamini kwamba shangazi amemwua ndugu yangu na sasa anamaliza mjukuu wangu, na kwamba mimi ndiye niliyemwita. Niliona mdomo wake sikioni mwa mtoto. Nilimchukia. Kiburi changu chote kilidumu mpaka nepi ya kwanza.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kuliko binti yangu, macho mekundu kwa kukosa usingizi, miguu imevimba ndani ya ndala. Alimtazama mtoto, akamfungua, kisha akainua pua. "Ni nani iko ananuka naftalini?" aliuliza. Tulidhani anatutania. Akaishika shali kwa vidole viwili, akaitoa mlangoni akaiangusha kwenye sakafu ya korido kama panya aliyekufa. Akarudi akaanza kuuliza haraka haraka: shali imekaa na dawa hiyo muda gani, mtoto amefungwa mara ngapi, akakojoa rangi gani. Kisha akauliza, "Upande wa mama, kuko mutoto mwanaume mwingine alikufaka na manjano?"

"Ndugu yangu," nilisema.

"Na maman, munafanya kazi gani?"

"Ninafundisha biolojia."

Alinitazama, akarudi kwa mtoto. Mpaka leo ninamshukuru kwa hilo.

Alitueleza baadaye, alipokwisha kuagiza damu na kuwasha taa ya buluu ya kupunguza manjano. Alianza tu, nikamalizia mwenyewe, kwa sauti ile ya darasani. Chembe nyekundu za damu zimejaa oksijeni kuliko seli nyingine zote, kwa hiyo zinahitaji walinzi kuliko zote. Mlinzi mkuu anategemea kimeng'enya kimoja, ambacho vitabu hukiandika G6PD. Kuna watu waliozaliwa nacho kidogo mno. Mama huibeba kasoro hiyo bila kujua, mtoto wa kiume huumwa. Katika siku za kawaida haonyeshi lolote, anacheza, anakua. Lakini vitu vingine, dawa fulani, maharage fulani, na mvuke wa naftalini, vikiingia mwilini huamsha ile oksijeni yenye hasira kwa wingi, na chembe isiyo na mlinzi inaungua na kupasuka. Damu iliyopasuka ndiyo manjano, ndiyo mkojo mweusi. Nilikuwa nimelifundisha hilo kila mwaka kama zoezi la kurithi: mraba mmoja, herufi nne, pointi mbili kwenye mtihani. Wanafunzi wangu walilipata. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni na kalamu nyekundu, nikimpika mtoto kwenye zoezi langu.

"Kama manjano ikipanda ku bongo," daktari alisema, "hatutaweza tena kitu." Akatuambia tungoje.

Damu ilitoka kwa mwanakwaya mmoja wa parokia yetu. Umeme ulikatika mara nyingi siku zile, na kila ulipokatika taa ya buluu ilizimika, na tulingoja mpaka jenereta ikohoe na kuwaka upya. Binti yangu hakunilaumu. Alikuwa akinishika mkono, na hilo lilinichoma zaidi, kwa kuwa alifikiri ninalia kwa ajili ya mtoto tu. Siku ya pili mchana, binamu yangu mmoja alikuja na chakula, akaniambia kwa kujigamba kwamba niwe na amani, mambo yanashughulikiwa. Mama alikuwa ameita watu. Vijana wa ukoo walikuwa wamekubaliana: mtoto akifa, watakwenda Kapolowe "kumuuliza yule mama". Sote tunajua kuuliza huko kunavyokwenda. Huanza kwa maneno na huisha kwa nyumba kuungua, mwenyewe akiwa ndani au nje, kutegemea bahati.

Nilimwambia ni naftalini. Nilimweleza kimeng'enya. Alinisikiliza kwa adabu, mkono mmoja kwenye sufuria, halafu akasema, "Bien, ya Mungu tutaona." Hapo nilielewa kwamba mtoto akifa hakuna atakayenisikiliza. Kimeng'enya hakina uso. Shangazi anao, na wanajua anapoishi. Nikakaa karibu na taa nikihesabu pumzi za mtoto, nikisema katika kila moja, pona, pona, si kwa ajili yako peke yako. Sijawahi kuchoka vile. Kuna uchovu wa mwili, na kuna ule wa kujua jambo kabisa na kuona kwamba halimsaidii mtu.

Alipona. Siku ya tatu asubuhi alilia njaa, akashika ziwa, na nepi ikatoka ya kawaida, njano isiyo na shaka. Daktari alikuwa amepeleka kipimo Lubumbashi, na majibu yaliporudi yalisema tulichojua. Alituandikia kwenye karatasi orodha ya dawa ambazo mtoto asipewe maisha yake yote, akalipigia mstari chini neno naftalini mara mbili, huku akinitazama mimi.

Vijana walitawanyika, kwa vile hakukuwa na maiti. Mama alisema sala zake zimemshinda adui. Sikubishana naye. Nilimwambia tu kwamba ulikuwa ugonjwa wa damu, kwa sababu nilikuwa na mpango mwingine, na nilitaka kuutekeleza vizuri. Ningekwenda Kapolowe kumchukua shangazi. Jumapili baada ya misa ningewakusanya wote uani, binamu zangu, majirani, mama kwenye kigoda chake, nikamsimamisha shangazi kando yangu na kusema mbele yao: ndugu yangu hakurogwa, alikufa kwa vidonge vyeupe, na huyu mama mmemwonea tangu ujana wake mpaka mvi. Niliyatunga maneno hayo wiki nzima. Nilijisikia mwepesi. Kwa mara ya kwanza elimu yangu ingemfaa mtu ninayempenda.

Nilimkuta uani akipukuchua mahindi, miguu ameinyosha juani. Nilimpa habari kwamba mtoto mzima, akamshukuru Mungu. Halafu, bila kukaa ukingoni mwa kiti safari hii, nikasema:

"Tantine, nilikuya kuwaambia kitu. Ile mutoto wa mama, ya zamani. Hamukumuua."

"Najua," alisema, akaendelea kupukuchua. "Weye njo ulikuwa haujue."

Nilistahili. Nikamweleza. Nimefundisha kwa miaka mingi, na sidhani kama niliwahi kufundisha vizuri kama siku ile, bila ubao, bila neno la Kifaransa. Nilimwambia juu ya hewa ndani ya damu, juu ya walinzi, juu ya watoto wa kiume wa tumbo la mama yangu, ambao wengine huzaliwa bila walinzi. Alisikiliza kwa makini. Aliuliza maswali ambayo wanafunzi wangu hawaulizi.

"Donc ile harufu njo inaingia mu damu?"

"Ee, tantine. Inaingia, inavunja damu."

"Na ile nepi mweusi?"

"Njo damu yenyewe ilikuwa inatoka."

"Na basichana? Bote tuliwafunga mule, habakufa."

"Basichana, kwa kawaida, beko na ya kujikinga. Banaume njo banakosaka."

Alitikisa kichwa polepole. Nikaona ni wakati, nikamwambia mpango wangu wa Jumapili, na uani, na watu wote. Nilikuwa nikitabasamu. Yeye hakuwa akinitazama. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya gunzi.

"Ile mabulu nyeupe," alisema, akimaanisha vidonge vya naftalini.

"Ee."

"Nilileta minye."

Sikumwelewa mara moja. Akasema tena, taratibu, kama mtu anayemsomea mwingine barua. "Mbele minye nifike kwenu, mama yako hakuwaka anatia kitu mu ile sanduku. Minye njo nilikuta mende inakula shali. Nikaenda ku soko, nikanunua, nikatia mu kila kunjo. Ile asubui ya kumutosha mutoto inje, mama yako alisema harufu iko kali sana, tuianike kwanza mu mupepo. Nikamwambia hapana, bantu banangoya. Nikamwambia muache mutoto anuke muzuri mbele ya bantu."

"Tantine, hamukujua," nilisema. "Minye mwalimu, na nilifanya vile vile. Hata mubaya zaidi. Minye nilimuweka na ku jua."

"Weye, wako alipona."

Hakuliongezea hasira wala machozi neno hilo. Aliinama akaanza kuokota punje zilizoanguka vumbini, moja moja, na mimi nikainama kumsaidia kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya. Nilitamani kuyarudisha maneno yangu kinywani. Nilikuwa nimesafiri mpaka pale kumtua mzigo usio wake, nikamtwika ulio wake.

"Bulozi, banasema tu," alisema baadaye. "Miaka yote banasema, na minye nilikuwa nalala, juu najua ni uongo. Najua siko nayo. Hii, mwana, iko yangu." Akazipeta punje mkononi, akazirudisha kwenye ungo. "Usiambie mama yako hii maneno ya mabulu. Yeye anajua ni nani alitiaka ile mabulu. Muache aniite mulozi."

Nilirudi Likasi peke yangu. Mama alikuwa ameketi na kitukuu chake mapajani, mtoto amenona, macho meupe safi.

"Ule mulozi yako iko anaishi?" aliniuliza.

"Anaishi, mama," nikasema, nikaenda kufua nepi.